Mji wa Shaba na Nguvu Zake za Uchumi: Lubumbashi tangu 1910

1. Utangulizi

Ni nadra mji wa Lubumbashi kutajwa pasipo kutajwa shaba. Mazoea hayo yana msingi, kwa maana mji ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya madini, na kwa muda mrefu dola, makampuni na wakaaji wenyewe walihesabu maisha yao kwa tani za shaba. Hata hivyo, mtu akiifuata historia ya mji huu hatua kwa hatua, atakuta jambo ambalo mazoea hayo hayalielezi. Mgodi uliouzaa mji, yaani Kalukuluku, ambao Wabelgiji waliuita Étoile du Congo, uliacha kuwa tegemeo kuu tangu miaka ya 1920. Kazi kubwa ya kuchimba ilihamia magharibi, kwanza upande wa Likasi, halafu Kolwezi. Juu ya hayo, mji haukufa wala haukudumaa. Uliendelea kukua hadi kuwa na wakaaji zaidi ya milioni 2 leo.

Basi, nguvu ya Lubumbashi ilitoka wapi? Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba madini yalikuwa sababu ya mji, lakini hayakuwa nguvu yake yote. Nguvu yenyewe ilikuwa katika kukusanya mahali pamoja vitu ambavyo madini hayawezi kufanya lolote pasipo navyo: njia, nishati, chakula, mikono ya watu, ufundi na lugha ya kuelewana. Tena makala yanaonyesha upande wa pili, yaani kwamba kila kimojawapo cha vitu hivyo kiliamuliwa kwa sehemu kubwa na watu walio mbali na mji, na kwamba hapo ndipo ulipoingia udhaifu wake.

2. Shaba kabla ya mji

Shaba ya Katanga haikuvumbuliwa na Wazungu. Karne nyingi kabla ya ukoloni, mafundi wa nchi hii walichimba mawe ya kijani majira ya kiangazi, baada ya mavuno, wakayayeyusha katika matanuru madogo yaliyojengwa kwa udongo wa vichuguu na kuchochewa kwa makaa ya miti. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana misalaba midogo ya shaba, ambayo ilitumika kama fedha, kama mahari na kama heshima kwa wafu. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameikuta katika makaburi ya Sanga, kandokando ya maziwa ya Upemba. Mafundi wa shaba walijulikana kwa jina la «wala shaba», maana waliishi kwa hiyo kama mkulima anavyoishi kwa mtama wake.

Katika karne ya 19 alitokea Msiri, mwana wa mfanyabiashara Msumbwa kutoka magharibi ya Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Yeye na watu wake, ambao ndio Bayeke, walisimamisha ufalme wa Garenganze, na mji wake mkuu ukawa Bunkeya. Shaba, pembe za ndovu na, kwa huzuni kubwa, watumwa, vilipita Bunkeya kuelekea pwani ya Bahari ya Hindi na kuelekea pwani ya Angola. Inafaa kutambua jambo moja: Bunkeya haikuwekwa juu ya mgodi. Iliwekwa mahali ambapo misafara iliweza kukutana. Mwenye mji hakuwa fundi wa tanuru. Alikuwa mwenye kuzishika njia. Somo hilo, ambalo Msiri alilielewa kabla ya kuuawa na msafara wa Stairs tarehe 20 Desemba 1891, litarudi tena na tena katika historia ya Lubumbashi.

Mwaka 1892 mwanajiolojia Jules Cornet alipita Katanga, akaandika habari za utajiri wa miamba yake. Lakini ripoti ya mtaalamu haijengi mji. Ilipasa ingojewe reli.

3. Reli na umeme

Shirika la Union Minière du Haut-Katanga liliundwa mwaka 1906, kwa mtaji wa Wabelgiji na wa Waingereza wa Tanganyika Concessions, kampuni ya Robert Williams. Tangu hapo swali halikuwa kama shaba ipo, bali itatoka kwa mlango gani. Mlango wa kwanza ulikuwa kusini. Reli iliyotoka Rhodesia ilivuka mpaka huko Sakania, ikafika Élisabethville mwaka 1910, mwaka ule ule ambao Émile Wangermée aliuchagulia mji mahali pake karibu na mto Lubumbashi. Mwaka uliofuata, tanuru la kwanza la kuyeyushia shaba liliwashwa. Makaa ya kulilisha yalitoka Wankie, katika Rhodesia ya Kusini. Mazao ya mwaka 1911 hayakufika tani 1,000.

Hivyo mji mchanga ulikuwa Wabelgiji kwa bendera, lakini tumbo lake lilielekea kusini. Fedha za Kiingereza zilipita madukani, mashine zilitoka bandari za kusini, na wafanyakazi wengi walikuwa watu wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo. Serikali ya Kongo ya Kibelgiji iliona hatari ya kuwa na mkoa wenye mali usioshikamana na nchi nyingine. Ndiyo sababu ilisukuma reli ya kaskazini. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama, kwenye mto Lualaba. Mwaka 1928 ikafika Ilebo, zamani Port-Francqui, ambapo mizigo ilipakiwa merikebuni kwa mto Kasai hadi Léopoldville, halafu kwa reli hadi Matadi. Mwaka 1931 ukafunguliwa mlango wa magharibi, yaani reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Mwaka 1956 njia ya Kamina ikaunganishwa na Kabalo, na kwa hiyo na Kalemie, ziwa Tanganyika, Kigoma na Dar es Salaam.

Mji wenye milango minne huweza kuchagua. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine hutumika. Zaidi ya hayo, ofisi kuu na karakana za kampuni ya reli, iliyoitwa BCK, ziliwekwa Élisabethville. Kwa hiyo, hata shaba ya Kolwezi ilipokuwa nyingi kuliko ya Kalukuluku, hesabu zake, vipuri vya garimoshi zake na barua za wateja wake vilipita mji huu. Reli ilikuwa tawi la pili la uchumi, ambalo lilitoa mishahara na ufundi pasipo kuchimba jiwe hata moja.

Nishati nayo ilitafutwa katika maji. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Baada ya vita kuu ya pili ya dunia yalifuata Koni, Nzilo na Nseke. Kufikia mwaka 1956 Katanga ilikuwa na umeme wa kutosha hata kuuza sehemu yake kwa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini. Nchi iliyoanza kwa kuomba makaa kwa jirani ikawa ndiyo inayomuuzia jirani nguvu. Mabadiliko hayo yalitokea katika muda wa miaka chini ya 50.

4. Mikono, chakula na lugha

Hakuna reli wala bwawa lililojengwa pasipo watu. Mwanzoni wafanyakazi waliajiriwa kwa miezi michache, wakakaa peke yao katika kambi, wakarudi kwao. Wengi hawakurudi, kwa sababu magonjwa yaliwaua kambini. Kumtafuta mtu mpya kila mara kuligharimu fedha nyingi, na mtu aliyeondoka aliondoka na ufundi aliokuwa ameanza kuupata. Kwa sababu hizo za hesabu, wala si kwa huruma peke yake, mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilishika siasa ya kuwakalisha wafanyakazi pamoja na jamaa zao. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, mke na watoto wakapewa nyumba na posho, zahanati zikajengwa, shule za kambi zikakabidhiwa wamisionari Wabenediktini. Watu waliletwa kutoka Lomami, Kasai, na kwa miaka kadhaa kutoka Rwanda-Urundi.

Siasa hiyo ilikuwa na nyuso mbili. Upande mmoja ilimfunga mfanyakazi: aliyepoteza kazi alipoteza pia nyumba na chakula, na maisha yake ya nyumbani yalichunguzwa na wakuu wa kambi. Wakati wa matatizo ya uchumi ya miaka ya 1930 maelfu waliondolewa kazini. Wakati wa vita bei zilipanda, mishahara ikabaki chini, na tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma Lubumbashi, makumi waliuawa. Historia ya nguvu ya mji huu isiyotaja damu hiyo si historia kamili. Upande wa pili, siasa hiyo iliacha kitu ambacho kampuni haikuweza kukichukua tena: kizazi kilichozaliwa mjini, kinachojua kusoma, kuchomelea, kuendesha garimoshi na kutunza hesabu. Shaba husafirishwa ikaenda. Ufundi hubaki kwa mwenye nao, naye humfundisha mwanawe.

Chakula kilikuwa fundo gumu zaidi. Udongo wa pande za mji si wa rutuba nyingi, na majaribio ya kuwaleta walowezi wakulima kutoka Ubelgiji hayakufaulu. Unga wa bukari ulitoka kusini kwa reli, na baada ya reli ya kaskazini ukatoka pia Lomami na Kasai. Samaki walitoka Kasenga, kwenye mto Luapula, na ziwa Mweru, biashara ambayo Wagiriki waliishika kwa muda mrefu. Mji ukawa soko linalovuta mazao ya nchi kubwa, na wanawake wa Kamalondo, Kenya na Katuba wakawa ndio daraja kati ya gari la mzigo na chungu cha nyumbani. Lakini tangu mwanzo chakula cha mji kilitegemea mpaka wa jirani, na utegemezi huo haujaisha.

Watu wa makabila mengi walihitaji lugha. Mwanzoni zilisikika lugha za kusini, hasa Kibemba na ile lugha ya mchanganyiko iliyotoka migodi ya Afrika ya Kusini. Kadiri waajiri walivyogeukia Kongo yenyewe na Rwanda-Urundi kutafuta watu, na kadiri serikali ilivyotaka kupunguza mvuto wa Waingereza, Kiswahili kikapewa nafasi ya kwanza kazini na katika shule za kwanza. Nia ya wakoloni ilikuwa kutoa amri. Watu wa mji walikifanya zaidi ya hapo: walikifanya lugha ya soko, ya ndoa, ya mashitaka na ya kumbukumbu. Ushahidi mmojawapo ni historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Maandishi hayo yalichapishwa na Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, mwaka 1990. Katika uchumi, lugha moja hupunguza gharama ya kila mapatano. Mfanyabiashara wa Lubumbashi aweza kununua Kalemie na kuuliza bei Kigoma pasipo mkalimani. Nguvu hiyo haiandikwi katika vitabu vya hesabu vya kampuni yoyote, lakini hutenda kazi kila siku.

5. Nguvu ilipogeuka udhaifu

Mwaka 1960 Katanga ilitoa takribani tani 300,000 za shaba. Tarehe 11 Julai mwaka huo, siku 11 tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kujitenga huko, kulikokwisha Januari 1963, kulionyesha kwamba utajiri waweza kuuvunja umoja wa nchi wakati wenye kuufaidi wanapohofia kugawana. Mwaka 1966 Élisabethville ikaitwa Lubumbashi, na mwanzoni mwa mwaka 1967 mali ya Union Minière nchini ikataifishwa. Shirika jipya la serikali, ambalo baadaye liliitwa Gécamines, lilirithi migodi, mitambo, kambi, shule na hospitali.

Kwa miaka 20 ilionekana kana kwamba urithi umeshikwa vema. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba na kuajiri watu zaidi ya 30,000. Lakini nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika. Agosti 1975 vita vya Angola viliufunga mlango wa Lobito. Bei ya shaba ilishuka katika miaka hiyo hiyo. Faida ya shirika ilichukuliwa na dola badala ya kurudishwa katika mashine na machimbo. Mwaka 1982 ulikamilika mkondo wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,700, kazi iliyoongeza deni la nchi huku Katanga yenyewe ikiwa na mito yake. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Oktoba 1991 mji uliporwa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, na miongoni mwao mafundi wengi wa reli na wa migodi, walifukuzwa kwa makundi makubwa, hasa kutoka Likasi na Kolwezi. Mwaka 1993 mgodi wa Kipushi, kilomita 30 tu kutoka Lubumbashi, ulisimama. Katikati ya miaka ya 1990 mazao ya Gécamines yalikuwa chini ya tani 50,000 kwa mwaka.

Ni vema kuyaangalia matukio hayo kwa pamoja. Mawe ya shaba hayakupungua hata kidogo. Yaliyokosekana ni njia, fedha za matengenezo, mafundi na amani, yaani vile vitu ambavyo ndivyo nguvu halisi ya mji. Kampuni ilikuwa imewazoeza watu kuiona kama baba wa jamaa. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu ameueleza uyatima uliofuata katika kitabu chake juu ya «Bana Shaba» waliotupwa na baba yao. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja.

Lakini mji haukuhamwa. Baba aliyekosa mshahara alilima nje ya mji. Mama aliyekuwa akingoja posho alifungua meza ya unga, mafuta na samaki. Kijana alijifunza kutengeneza magari, akashona au akavuka Kasumbalesa kutafuta bidhaa. Chuo Kikuu, kilichoanzishwa katika miaka ya 1950, kiliendelea kufundisha katika umaskini mkubwa na baada ya mauaji ya Mei 1990. Hata kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru kilichosimama pembeni mwa mji kiligeuka kuwa mali: tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kiliyeyushwa upya ili kutoa kobalti ambayo wakoloni walikuwa wameiacha humo.

6. Enzi mpya na swali la zamani

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa makampuni ya kigeni. Kampuni kutoka China, Ulaya, Kanada na kwingineko zilichukua sehemu kubwa ya machimbo. Tangu mwaka 2022 Kongo hutoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, yaani zaidi ya mara nne ya ule mwaka bora wa Gécamines, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima. Kipushi ilifunguliwa tena mwaka 2024. Kwa kipimo cha tani, Katanga haijapata kuwa na nguvu kama hii.

Kwa kipimo cha mji, hesabu ni ngumu zaidi. Mgodi wa siku hizi hutumia mashine kubwa na watu wachache. Haujengi kambi zenye shule kama zamani. Vipuri na chakula cha wafanyakazi wake aghalabu hutoka nchi za nje. Mwaka 2015 jimbo la Katanga liligawanywa kuwa manne, na machimbo makubwa yakawa katika Lualaba, ambalo mji wake mkuu ni Kolwezi. Reli ya Lobito, iliyozinduliwa upya upande wa Angola mwaka 2015, huweza kuipeleka shaba ya Kolwezi baharini pasipo kuiona Lubumbashi. Malori yapitayo mjini kuelekea Kasumbalesa huacha vumbi na barabara zilizobomoka, pamoja na biashara ndogondogo za njiani. Nao ukame uliopiga Zambia mwaka 2024 ulikumbusha tena kwamba bukari ya Lubumbashi hutegemea mvua ya nchi nyingine.

Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 imeweka kwamba katika ushuru wa madini, asilimia 50 ziende kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa wilaya au mji ambamo mgodi upo, na 10 ziwekwe kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa sheria inakiri kwamba mahali panapochimbwa pana haki yake. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Asilimia zitafaa ikiwa wakaaji wanaweza kuzisoma hesabu zake katika lugha wanayoielewa.

7. Hitimisho

Historia ya Lubumbashi inafundisha kutofautisha utajiri na nguvu. Utajiri ulikuwapo ardhini kabla ya Msiri, kabla ya Cornet, kabla ya reli. Nguvu ilianza siku ambapo njia zilikutana, na iliongezeka kila mara sehemu fulani ya faida ilipobaki mjini ikiwa mshahara, karakana, shule, umeme au soko. Ilipungua kila mara faida ilipopita tu. Kwa kipimo hicho, mwaka wa tani nyingi waweza kuwa mwaka wa udhaifu, na miaka ya njaa yaweza kuhifadhi nguvu ambayo hakuna aliyeiona, kama vile ufundi wa wazee wa reli, ustadi wa mama za sokoni, na lugha inayowaunganisha na nusu ya Afrika ya Mashariki.

Shaba na kobalti zitakwisha siku moja, kama Kalukuluku ilivyopungua wakati wake. Viongozi wa jimbo, wakuu wa makampuni na walimu wa Chuo Kikuu hawawezi kuizuia siku hiyo. Waliyo nayo mikononi ni kazi nyingine: kurudisha reli, kulima chakula cha mji karibu na mji, kufundisha mafundi, na kuandika hesabu wazi. Vizazi vya kambi viliijenga Lubumbashi pasipo kuimiliki. Deni lao halitalipwa kwa tani nyingine za shaba zinazovuka mpaka usiku. Litalipwa wajukuu wao watakapokuwa na neno katika yale yanayobaki.